Wangapi Watosha? Historia ya Kukadiria Ukubwa wa Sampuli Katika Uwanda wa Makonde

Msimu wa korosho unapowadia katika uwanda wa juu wa Makonde na pembezoni mwake, na magunia yakaanza kupangwa katika maghala ya vyama vya msingi tangu Masasi hata Newala na Tandahimba, hufanyika kazi moja ambayo wenyeji wameizoea kiasi cha kutoiona ajabu tena, nayo ndiyo mlango wa habari hii. Mpima ubora hushika bambo, kile chuma chenye ncha kali na mfereji katikati, akalichoma gunia moja baada ya jingine, na kila linapotoka hutoka na korosho chache. Hizo huchanganywa zote pamoja, zikagawanywa mafungu manne, mawili yakaondolewa, mawili yaliyobaki yakachanganywa tena, hata isalie kilo moja. Na kilo hiyo huhesabiwa punje kwa punje, kisha kila korosho ikapasuliwa na kiini chake kikatazamwa, kilicho kizima kikawekwa kando, na kilichooza, chenye madoa, kilichosinyaa au ganda tupu kikawekwa upande wa pili. Kwa kilo hiyo moja hutajwa daraja la shehena nzima, na kwa daraja hilo mkulima wa Mkunya au wa Kitangari hupata haki ya jasho lake au huikosa.

Ni magunia mangapi basi yapasa kuchomwa ili hukumu iwe ya insafu? Akichoma mawili tu, huenda bahati mbaya ikamwangukia mkulima mwema, au bahati njema ikamfunika mdanganyifu. Akiyachoma yote, kazi haitakwisha na mnunuzi ataondoka. Akichoma yale ya mbele peke yake, atakuwa amempa mwenye hila nafasi ya kupanga mazuri mbele na mabaya nyuma. Suala hili ndilo lile lile linalomkabili karani wa sensa, tabibu anayetafuta chanzo cha maradhi, na mtafiti anayetaka kujua ni akina mama wangapi wanaofariki wakati wa uzazi. Na watu wa kusini mwa Tanzania, wa Masasi iliyo chini ya milima yake ya mawe na wa Newala iliyo ukingoni mwa uwanda ikitazama bonde la Ruvuma, wameishi na majibu yake, mema na maovu, kwa muda unaokaribia karne nzima.

Asili ya hesabu yenyewe iko mbali. Katika karne ya kumi na nane mwanahesabu Mfaransa Pierre-Simon Laplace alitaka kujua idadi ya watu wa Ufaransa pasipo kumhesabu kila mmoja. Alitambua kwamba vizazi huandikwa katika madaftari kila mahali, kwa hiyo mtu akijua, katika sehemu chache zilizohesabiwa kwa uangalifu, kwamba kila kizazi kimoja cha mwaka kina watu kadha wa kadha walio hai, ataweza kuzidisha vizazi vya nchi nzima kwa kadiri hiyo akapata jumla. Wengi wangeishia hapo, lakini Laplace aliendelea akauliza: sehemu hizo chache ziwe na watu wangapi, ili niwe na hakika, elfu kwa moja, kwamba jumla yangu haikukosea zaidi ya nusu milioni? Akapiga hesabu akapata 771,469, akashauri wahesabiwe milioni moja au zaidi kidogo kwa ajili ya salama. Mwaka 1802 hesabu ya namna hiyo ilifanywa kwa amri ya serikali katika wilaya za pande mbalimbali za nchi, ikagusa watu zaidi ya milioni mbili, na ikaonekana kwamba kila kizazi kimoja kilikuwa na watu 28 na ushei.

Msomaji na aangalie utaratibu alioufuata mtu huyu, kwa maana ndio uti wa mgongo wa elimu hii hata leo. Hakuanza kwa kuuliza fedha zilizopo zatosha watu wangapi, wala nchi ni kubwa kiasi gani. Alianza kwa kuuliza kosa gani laweza kustahimiliwa, na kwa hakika ya kadiri gani, kisha idadi ikazaliwa na majibu hayo mawili. Waliomfuata waliongeza sharti la pili. Anders Kiær wa Norway alitetea sampuli mbele ya wanatakwimu wa mataifa mwaka 1895, Arthur Bowley akaitumia kuchunguza maisha ya wafanyakazi katika mji wa Reading mwaka 1912, na Jerzy Neyman, Mpolandi, akabainisha mwaka 1934 kwamba hesabu ya kosa husimama imara pale tu watu wanapochaguliwa kwa kura. Pasipo kura, wingi wa watu hauponyi upotofu.

Kusini mwa Tanganyika ilijifunza sharti hilo kwa gharama kubwa. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipeleka kwa serikali shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Tume ya watu watatu, kiongozi wao John Wakefield aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ilizunguka kwa majuma tisa, sehemu kubwa ya ardhi ikitazamwa kutoka angani, nayo ikarudi na taarifa ya kwamba ekari zaidi ya milioni tatu zaweza kufyekwa na kupandwa. Mpango ulikadiriwa kugharimu pauni milioni 24, na Jimbo la Kusini, ambalo makao ya kazi yake yangekuwa Nachingwea, jirani ya Masasi, lilikusudiwa kubeba sehemu kubwa ya mashamba. Bandari ya maji ya kina ikachongwa Mtwara, reli ikatandazwa kuelekea Nachingwea, na vijana wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao wakaandikwa kazi kwa maelfu.

Yaliyofuata yanajulikana. Kongwa, mahali kazi ilipoanzia, udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi hata karanga hazikung'oleka, na mvua iliyotumainiwa haikunyesha kama ilivyoandikwa. Kusini nako kazi ilikwama kwa uchelewa wa bandari na reli, na kwa misitu iliyokuwa migumu kufyekwa kuliko ilivyodhaniwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, na pauni zipatazo milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Watu wameandika mengi juu ya mitambo iliyoharibika na siasa za London. Lakini kwa mwenye kushughulika na takwimu kosa la kwanza lilikuwa la sampuli. Udongo wa mahali pachache palipofikika kwa urahisi ulichukuliwa kuwa udongo wa nchi nzima, ilhali mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kura wala idadi yake haikulinganishwa na ukubwa wa hasara inayoweza kutokea. Mvua ya miaka michache ilichukuliwa kuwa ndiyo desturi ya mvua, ilhali miaka nayo ni sampuli, na katika nchi ambayo mvua hubadilika sana mwaka hata mwaka, sampuli ya miaka michache haina hoja. Na shamba la majaribio la misimu kadhaa, ambalo lingegharimu sehemu ndogo mno ya fedha zile, halikutangulizwa.

Katika miaka hiyo hiyo idara nyingine ilifanya kazi kwa subira zaidi. Hesabu za watu zilizotangulia, za mwaka 1921, 1928 na 1931, zilitegemea sana taarifa za majumbe na daftari za kodi, na kila mtu alijua kwamba mwenye kukwepa kodi hukwepa pia kuhesabiwa. Agosti 1948 Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, chini ya C. J. Martin, iliendesha sensa ya kweli katika Tanganyika, Waafrika wapatao milioni saba na laki nne wakahesabiwa kwa maswali machache. Kisha ikafuata hesabu ya pili, ya watu asilimia 10 tu, ambao makarani waliwauliza mambo mengi na kwa utulivu, kama vile wanawake wamezaa watoto wangapi na wangapi kati yao wangali hai.

Mtu aweza kushangaa kwamba asilimia 10 ya mamilioni saba ni watu laki saba na ushei, wakati Laplace aliridhika na milioni moja kwa Ufaransa yote. Jibu lake lina faida kwa kila halmashauri ya wilaya hivi leo. Kama lengo lingekuwa kujua kadiri ya vizazi vya Tanganyika kwa jumla, watu wachache zaidi wangetosha. Lakini serikali ilitaka kujua habari za Newala peke yake, za Masasi peke yake, na za kila wilaya nyingine, na kila mahali panapodai jibu lake pekee panadai pia sampuli yake pekee. Sampuli iliyotosha taifa haitoshi wilaya, na ile iliyotosha wilaya haitoshi kata ya Mkunya. Hili ndilo jambo linalosahauliwa mara nyingi kuliko yote, pale kiongozi anapochukua asilimia iliyopatikana kwa nchi nzima akaitamka kana kwamba imepimwa kijijini kwake.

Haukupita muda mrefu uwanda wenyewe ukawa mahali pa uchunguzi uliosikika duniani. Tangu mwaka 1952 hadi 1953 homa ya ghafula ilienea katika vijiji vya Makonde, yenye maumivu makali ya viungo yaliyomkunja mgonjwa hata asiweze kusimama wima, na wenyeji wakaiita kwa lugha yao chikungunya. Dkt. Marion Robinson wa hospitali ya misheni pale Lulindi aliandika dalili zake; W. H. R. Lumsden akatoka katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyokuwa Entebbe, akazunguka vijijini kuchunguza maenezi yake, na R. W. Ross akapata kirusi chenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Uwanda wa Makonde, kama anavyojua kila mzaliwa wake, hauna mito wala visima vya karibu, na akina mama walishuka magenge kwa saa nyingi kufuata maji, kwa hiyo maji yaliyopatikana yaliwekwa akiba nyumbani katika vyombo, na katika vyombo hivyo mbu aina ya Aedes aegypti walizaliana kando ya malazi ya watu.

Ross hakuhitaji damu ya maelfu ya watu ili kuthibitisha kwamba kirusi kipo, maana swali la kwamba kitu kipo au hakipo hujibiwa hata na kielelezo kimoja kilicho safi kisichotiliwa shaka. Lumsden, aliyetaka kujua ni watu wangapi wameugua katika nyumba na vijiji, na kwa nini hapa zaidi kuliko pale, alikuwa na swali la namna nyingine, ambalo halijibiwi bila ya kuhesabu nyumba baada ya nyumba. Na kwa sababu ugonjwa ulikuwa umewapata watu wengi mno, nyumba chache kwa kadiri zilionyesha sura yake. Jambo likiwa limeenea, huonekana upesi; likiwa adimu, hujificha, na anayelitafuta hana budi kutandaza wavu mpana.

Tuiweke hesabu hiyo wazi, kwa kuwa si siri ya wataalamu. Anayetaka kujua ni sehemu gani ya watu wana sifa fulani, na awe na hakika ya asilimia 95, huchukua 1.96 akaizidisha kwa nafsi yake, akazidisha kwa sehemu anayoidhania ina sifa hiyo na kwa sehemu isiyo nayo, kisha akagawanya kwa kosa aliloliridhia lililozidishwa kwa nafsi yake. Asiyejua la kudhania huchukua nusu kwa nusu, ambayo ndiyo hali inayodai watu wengi kuliko zote. Akiridhia kosa la asilimia 10 kila upande, apata watu 96; akitaka kosa la asilimia 5, apata 384. Yaani kosa likipunguzwa nusu, watu huongezeka mara nne, na hapo ndipo bajeti nyingi zinapovunjika.

Shirika la Afya Duniani liliitumia hesabu hii katika kupima chanjo za watoto tangu miaka ya 1970. Liliridhia kosa la asilimia 10, likapata 96, kisha likazidisha kwa mbili likapata 192, kwa sababu watoto wa kijiji kimoja, wenye zahanati moja na muuguzi mmoja, hufanana, na mtoto wa saba wa kijiji hicho hatoi habari mpya kama ambayo angeitoa mtoto wa kijiji kingine. Mwishowe wakachaguliwa watoto 7 katika kila kijiji kwa vijiji 30, jumla 210. Tangu hapo idadi hiyo imewaongoza maofisa wengi wa afya katika Afrika. Ila wapo walioichukua 210 kama hirizi, wakaitumia kwa kila swali, hata lile ambalo haikuwekewa.

Ubaya wa kufanya hivyo ulionekana dhahiri pale Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake walipokuja kusini katika karne hii. Walikuwa wakipima kama dawa ya malaria ikitolewa kwa watoto wachanga wakati wa chanjo itawalinda katika wilaya tano, Newala na Tandahimba zikiwamo, pamoja na Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini. Wilaya hizo zilikuwa na tarafa 24, na nusu ya tarafa hizo zilichaguliwa kwa kura zianze kupewa huduma. Mwaka 2004 wahoji walizunguka katika kaya zaidi ya 21,000, wakiandika majibu katika vikompyuta vya mkononi mahali pa karatasi, na mwaka 2007 wakafanya jambo zito zaidi: wakaingia katika kaya zote za wilaya hizo tano, zipatazo 226,000, zenye watu zaidi ya 818,000.

Kwa nini kaya zote, wakati historia yote tuliyoisimulia yasema kwamba wachache watosha? Sababu mojawapo ni vifo vya akina mama. Uchunguzi ule ulionyesha vifo vinavyohusiana na ujauzito vipatavyo 712 katika kila vizazi hai 100,000, na kwamba vifo vilivyotokana na matatizo ya uzazi wenyewe viliongezeka kadiri hospitali ilivyokuwa mbali na nyumba ya mama. Huo ni msiba mkubwa kwa jamii, lakini kwa hesabu ni jambo adimu. Katika vizazi 1,000 ungetarajia vifo 7 tu, na kwa bahati tupu ungeweza kukuta 3 au 12. Anayetangaza kwamba vifo vimepungua kwa sababu mwaka huu amekuta 4 na mwaka jana alikuta 9, ametangaza upepo. Anayetaka kukadiria kiwango hicho bila ya kukosea zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kiwango chenyewe hana budi kukuta vifo 384 hivi, na ili avikute yampasa ahoji habari za vizazi karibu 54,000, kabla hata ya kuongeza kwa ajili ya kufanana kwa wanakijiji. Kwa kaya zote za wilaya tano, wataalamu waliweza kusema kwamba kiwango cha kweli kiko kati ya 652 na 777. Kwa sampuli ya watoto 210 wasingeweza kusema lolote.

Somo la mwisho lilitoka katika uchunguzi uliofuata, wa kuokoa maisha ya watoto wachanga, ambao ulizihusu wilaya sita za kusini na kata 132. Kata 65 zilichaguliwa kwa kura zipate wahudumu wa kujitolea wa kijijini waliowatembelea wajawazito na wazazi majumbani, na 67 zikaendelea na huduma za kawaida. Desturi njema ziliongezeka, lakini vifo vya watoto wachanga havikutofautiana kati ya pande hizo mbili. Jibu hilo lilikuwa chungu kwa waliotaabika, ila lina thamani, kwa maana sampuli ilikuwa kubwa kiasi cha kwamba kama faida kubwa ingekuwapo ingeonekana. Sampuli ndogo ikisema "hakuna tofauti" huwa imesema tu kwamba haikuona. Sampuli ya kutosha ikisema hivyo, humwambia waziri na mganga mkuu watafute njia nyingine, na pengine wayaangalie yale yanayotendeka hospitalini kwenyewe.

Hata hivyo wingi nao una dhulma yake. Kila kaya inayoongezwa ni mama aliyeachishwa palizi ili ajibu maswali, ni mtoto aliyetobolewa kidole kwa damu ambayo pengine haikuhitajika, ni mafuta ya gari na ujira wa mhoji vilivyotolewa katika mfuko wa umma. Ndiyo maana sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilimwuliza kila mtu maswali machache, na dodoso refu likapelekwa kwa takriban asilimia 30 ya watu, kwa msingi ule ule ulioanza kufuatwa mwaka 1948. Haki katika jambo hili iko baina ya pande mbili: kuwachukua wachache mno ni kuwadhulumu wasiohojiwa, kwa kuwa uamuzi utawaangukia pasipo ushahidi, na kuwachukua wengi mno ni kuwadhulumu waliohojiwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo anayetayarisha utafiti wake, ofisa mipango wa halmashauri, na kiongozi wa chama cha msingi anayesimamia upimaji ghalani, wote wana wajibu mmoja kabla hata ya mtu kutoka kwenda kuuliza au kuchoma gunia. Na waandike kwanza swali lao ni lipi, ni la mahali gani, kosa gani watalistahimili na kwa hakika ya kadiri gani, jambo wanalolitafuta limeenea au ni adimu, na watu watakaowahoji wanafanana kwa kiasi gani. Kisha wapige hesabu, waiweke wazi mbele ya wengine, na wawachague watu kwa kura. Na mwananchi anayesomewa asilimia hadharani, awe Newala, Masasi au kwingineko, ana haki ya kusimama na kuuliza mambo mawili: mlihoji wangapi, na mliwachaguaje? Asiyeweza kumjibu, takwimu zake zisikubaliwe.